Mpaka Nywele za Shangazi Ziote

Shangazi Ngalula alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu akiwa hana nywele.

Nilikuwa uani nachekecha unga. Nilimtambua kwa mwendo, maana kichwa kile sikukijua. Kiling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na karibu na sikio kilikuwa na mikwaruzo ya wembe. Alijifunga kitenge kiunoni, akabana mkeka kwapani. Kabla sijamkaribisha aliutupa mkeka chini, akaweka mikono yote miwili kichwani na kuanza kulia.

"Kaka yangu, weee. Kabemba wa mama yangu, umeniacha na nani."

Baba alikuwa ndani, anakula bukari, ugali wetu, na samaki. Aliposikia jina lake alitoka mlangoni na tonge mkononi.

"Ngalula," akasema. "Nani amekufa?"

Shangazi akanyamaza ghafla. Alimtazama baba kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka kwenye tonge. Halafu akakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimpa maji. Aliyanywa yote, akavua kiatu, akasimama, akampiga nacho baba begani.

"Uko muzima," akasema. "Uko muzima, unakula samaki, na mi nimenyoa. Mu treni kutoka Kasaji nimelia mpaka batu bamenipisha kiti."

"Nani amekuambia mi nimekufa?"

"Sura yako. Sura yako njo imeniambia. Iko mu simu ya kila mutu kule Kasaji."

Simu yake ilikuwa imezimika njiani. Yangu ni ile ndogo ya kubonyeza, haina WhatsApp, na baba hataki simu ya aina yoyote. Lakini dereva wa pikipiki alikuwa bado pale, akingoja nauli. Alikohoa kidogo.

"Tata, hata mi niliona," akasema. "Mama alisema nimulete ku kilio cha Kabemba. Nilisikitika kabisa. Sasa sijue nikuambie nini." Akanipa simu yake.

Ilikuwa lien, ile anwani ya buluu watu wanayotumiana, na juu yake kipande cha picha. Baba yangu. Uso wake tu na mabega, umekatwa mraba, hauchekeshwi na kitu. Chini ya kidevu chake yaliandikwa maneno haya: Shimo limeanguka, Kolwezi inalia.

"Shangazi, hamkufungua ndani?" nikauliza.

"Kufungua na mega gani za intaneti, mutoto? Mega zetu ni za WhatsApp tu. Ukibonyeza pale inazunguka, inazunguka, inakufa. Tumeona sura. Tumeona shimo. Tumeona inalia. Ulitaka nitafute nini ingine?"

Shimo lilikuwa limeanguka kweli wiki ile, kule nyuma ya kilima cha udongo, na vijana waliokuwa wanachimba chini hawakutoka wote. Lakini baba hakuwahi kushuka shimoni hata kwa mchezo. Baba alikuwa machinisti, dereva wa treni ya kampani ya zamani, mpaka kampani ile ikaporomoka na treni zake zikaota kutu.

"Mu shimo," akasema taratibu. "Mi, Kabemba. Nakufa mu shimo kama creuseur, muchimbaji wa bule."

"Hawakuwa wa bule, tata. Ni batoto ba batu," nikasema.

Alinitazama nikainamisha macho. Sasa nilielewa kwa nini majirani walikuwa wakinichungulia tangu asubuhi bila kunisalimu. Nilifikiri ni kwa sababu ya msalaba mwekundu uliopakwa ukutani kwetu.

"Na hii Sauti ya Dilala," shangazi akasema, akisoma jina dogo chini ya lien, "ni ya nani?"

Baba alikuwa ananitazama mimi, na alijua kwamba najua.

Sauti ya Dilala ni blogu ya Mukuna, ya habari za kwetu Dilala. Na Mukuna alikuwa aje kwetu Jumamosi ile na wajomba zake, wajitambulishe, waniombe.

Kumfikisha baba kwenye Jumamosi ile kulikuwa kazi. "Mwanaume anayeuza sura za batu mu simu ataoa na nini?" alikuwa akisema. Halafu walikuja watu wa kampani ya shaba wakapiga rangi misalaba myekundu kwenye kuta za mtaa wetu mzima, kwamba chini ya sakafu zetu kuna shaba na sote tuondoke. Mukuna akazunguka nyumba kwa nyumba, akipiga picha kila familia mbele ya mlango wake kabla kuta hazijabomolewa. Aliandika majina vizuri, hata ya wazee waliokufa. Baba aliona hayo. Jioni moja alisema tu, "Waje basi, kabla lori halijatubeba kwenda Kasaji kwa Ngalula." Nililala na neno hilo kama mtu analala na mtoto mchanga.

"Kamulete," baba akasema sasa.

*

Mukuna hufanya kazi nyuma ya kibanda cha fotokopi, karibu na shule. Nilimkuta ameinamia kompyuta yake, shati limeloa mgongoni. Aliponiona alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu lile ambalo siku nyingine linaniondolea njaa.

"Fidé."

"Leo usiniite Fidé. Nani amekufa mu shimo, Mukuna?"

Tabasamu likaondoka. "Nimeona. Tangu asubuhi niko natafuta kosa liko wapi."

"Shangazi yangu amelia kutoka Kasaji mpaka hapa. Amemukuta maiti anakula samaki. Sasa sema."

"Ile habari sikuiwekea picha," akasema. "Batu walinitumia picha za maiti, nikakataa. Mama ya mutu hawezi kukutana na mutoto wake vile mu simu. Nikaandika maneno tu."

"Uliandika maneno tu, na sura ya baba yangu imefika Kasaji."

"Ni plugin. Kile kifaa nimeweka mu site ya kusaidia batu kutumiana habari. Mutu akituma lien, kinatafuta picha ndani ya habari. Kikikosa, kinachukua picha ya akiba. Ile ya akiba nilichagua mi mwenyewe, zamani. Nilisahau kama iko."

"Ukachagua baba yangu awe akiba."

Alinigeuzia kompyuta haraka, kama mtu anayeonyesha kwamba moto ameshauzima. Ameshaitoa, alisema. Ameweka picha ya mshumaa mahali pake. Kisha akachukua simu yake, akajitumia lien ileile ili nione.

Ilitokea picha ya baba.

"Bado ni yeye," nikasema.

"Ngoja." Akajaribu tena. Baba tena, anatutazama. Mukuna alipangusa uso. "Si kwangu tena, ni kwabo. Facebook, WhatsApp, banachukua picha mara ya kwanza na kuiweka kwabo. Hata ukibadilisha huku, wenyewe banaonyesha ya zamani mpaka uwaombe baangalie upya. Facebook kuko mulango wa kuombea, nimeomba. WhatsApp nitaongeza kitu ku mwisho wa anwani, iione kama mpya."

"Na zile zimeshatumwa?"

Akainamia tena kompyuta.

"Mukuna. Zile zimeshatumwa?"

"Zile hapana. Kila mutu anapitishia mwenzake na sura iko ndani. Siwezi kuingia mu simu ya batu."

Nilitaka kuondoka. Sijui kwa nini sikuondoka. Labda kwa sababu mimi ni mtu wa kuangalia. Niliachia masomo darasa la sita, lakini macho yangu hakuna aliyeyafukuza shuleni. Niliendelea kuangalia ule mraba mdogo kwenye simu yake. Sikio la baba. Bega la baba. Na ukingoni kabisa, pale picha inapokatika, kitu kidogo cha buluu.

"Hii ni nini?"

"Wapi?"

"Hapa pembeni. Ni kiwiko. Kiwiko cha nani?"

Alishusha mkono ili afunge kompyuta. Niliushika.

"Fungua picha nzima."

"Fidé, wacha."

"Fungua."

Akafungua. Ilikuwa picha pana, ya siku ile alipopita mtaani kwetu. Baba amesimama katikati na koti lake la Jumapili, nyuma yake ukuta na msalaba mwekundu. Na upande wa kulia, mlangoni, nilikuwa mimi. Blauzi ya buluu, beseni kiunoni, kichwa nimekitupa nyuma nacheka. Sijawahi kujiona nikicheka. Sikujua kwamba nina uso ule.

"Kinakata pembeni," Mukuna akasema, sauti imeshuka. "Picha ikiwa pana, plugin inaacha ya katikati tu. Wewe ndiye ulikatwa." Akaigusa skrini pale nilipocheka. "Niliichagua kwa sababu yako. Nilitaka mutu akifungua site yangu, wewe njo wa kwanza kumuona. Baba yako alikuwa... alikuwa amesimama tu pale."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na vyote viwili viligombania mkono uleule. Alikuwa karibu. Nilisikia harufu ya sabuni na ya jasho lake. Macho yake yalinisihi, na mimi nilikuwa nayajua macho yale kuliko njia ya kisimani.

"Uliniuliza?" nikasema.

"Hapana."

"Ulimuuliza baba?"

"Kupiga aliniruhusu. Kuiweka pale juu, sikumuuliza."

"Kwa hiyo unapenda mutu kwa kumuficha nyuma ya baba yake. Na siku baba akikatwa akatumwa kwa batu kama maiti, mapenzi yako iko wapi? Iko pembeni, kiwiko."

"Nitamuomba musamaha. Jumamosi mbele ya wajomba—"

"Jumamosi gani? Shangazi amenyoa."

Hapo ndipo alipoelewa. Na yeye ni wa kwetu, watu wa kaskazini. Dada wa mwenye nyumba akishanyoa, hakuna neno la ndoa linaloingia katika nyumba ile mpaka nywele zake ziote.

"Lakini hakuna mutu amekufa," akasema.

"Ah bon. Basi nionyeshe nywele. Ziko wapi?"

Alipeleka mkono kwenye nywele zake mwenyewe.

"Funga mashine," nikasema. "Unakuja nyumbani."

*

Tuliwakuta baba kwenye kiti na shangazi kwenye mkeka wake wa kilio. Alikuwa ameshautandika, alisema hakuubeba kutoka mbali hivyo ili aurudishe bila kuukalia. Majirani walisimama kwenye ua wao wakijifanya wanaanika nguo.

Mukuna alichuchumaa, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa.

"Tata, mama, njo mi nimekosa."

Akaeleza. Habari bila picha, kifaa, picha ya akiba, kukata. Baba alisikiliza akitikisa mguu.

"Kwa hiyo mashine njo ilinichagua."

"Hapana, tata. Mashine ilichukua kile niliichagulia. Mi njo nilikuweka pale."

Nilishukuru moyoni kwamba hakuisingizia mashine. Sikumwonyesha.

Akatoa picha nzima. Shangazi alimnyang'anya simu, akaisogeza mbali na macho yake.

"Huyu si Fidélie?"

"Ni yeye, mama."

"Anacheka nini?"

"Alikuwa ananicheka mi. Nilirudi nyuma nipate nyumba yote, nikakanyaga majani yake ya sombe."

Shangazi alitoa sauti puani. Baba aliitazama picha kwa muda mrefu: ukuta, msalaba, koti lake, mimi. Nilidhani inamlainisha. Kumbe ilikuwa inamchoma.

"Kampani ya shaba imenitoa mu nyumba," akasema akisimama. "Wewe unanitoa mu dunia. Jumamosi hakuna. Na Jumamosi ingine hakuna. Toka pa mulango wangu."

"Tata," nikasema.

"Na wewe nyamaza. Mu picha unacheka."

Mukuna alisimama. Hakubisha. Kabla ya kugeuka alinitazama, na katika kutazama kule kulikuwa na lori, na reli ya Kasaji, na mimi juu ya magunia nikizidi kuwa mdogo. Sikumwita. Lakini macho yangu sikuyaondoa, nayo yalisema kila kitu, yana ujinga huo.

"Wewe, simama," shangazi akasema.

Alikuwa anafungua pindo la kitenge chake. Akatoa wembe.

"Mi nimetembea Kolwezi nzima na kichwa kama yai kwa sababu ya mudomo ya simu yake, na yeye anaenda zake na nywele imechongwa vizuri? Kuja hapa. Kaa."

Mukuna aliziringia nywele zake, kila mtu Dilala anajua. Kinyozi wa rond-point, pale kwenye mzunguko wa magari, humwachia mstari kando, umenyooka kama reli. Alimtazama shangazi, akautazama wembe. Kisha akavua shati, akaketi kwenye mkeka na kuinamisha kichwa.

Shangazi alimlowesha maji, akaanza. Hakumwonea huruma.

"Hii ya treni. Hii ya yule mama wa Mutshatsha alinipa kitambaa chake, na mi nikamwambia kaka yangu alikuwa mutu muzuri. Nimesema uongo mbele ya bageni. Usitikisike. Na hii ya machozi. Machozi ya Kabemba nimeyamaliza yote. Siku akikufa kweli nitalia na nini?"

Nywele zilianguka mabegani mwake kama majani ya chai. Niliona damu kidogo juu ya kisogo. Ngumi yangu ilikunja kitenge, na sikujua tena nimemkasirikia nani.

"Ngalula," baba akasema. "Uko unafanya nini?"

"Uko unaona. Nanyoa."

"Unanyoa mutu wa inje. Ku kilio chetu tunanyoa batu ba nyumba tu."

Wembe ukasimama. Hata majirani waliacha kuanika. Mukuna alikuwa ameshanyolewa upande mmoja. Upande wa pili mstari wa kinyozi ulikuwa bado umenyooka vilevile.

"Ni kweli," shangazi akasema. Akamgeuza kichwa kulia, akamgeuza kushoto, kama mtu anayechagua boga. "Nimefika nusu. Unataka nimuache nusu?"

Baba alikitazama kile kichwa cha nusu.

"Uliyajua haya tangu ulipotoa wembe."

"Mi natoka Kasaji, nimechoka. Sijue kitu."

"Ngalula."

"Kama haiko mutu wa nyumba, mufukuze. Apite Dilala yote hivi, batu baulize nani amemunyoa nusu. Bataambiwa ni ba Kabemba. Tena batapiga picha."

Baba alikaa. Alijisugua magoti kwa muda.

"Malizia," akasema.

Shangazi akamalizia. Baba alinyoosha kidole. "Lakini ndoa haisemwi mpaka nywele ziote. Ya kwako na ya kwake, zote mbili. Na isemwe kule Kasaji. Hapa hakutakuwa na mulango wa kubisha."

"Ndiyo, tata," Mukuna akasema, ameinamia mkeka.

"Na sura yangu uitoe mu simu ya batu."

"Yote siwezi, tata. Ile imeshapita imeshapita. Lakini naweza kuweka ingine juu yake, itembee kama ile. Wewe, leo, na samaki wako. Niandike: Tata Kabemba, machinisti, yuko muzima."

Baba akafikiri. "Nivae koti kwanza."

Alipoingia ndani nilichukua chupa ya mafuta ya mbegu za mchikichi, yale meusi yanayootesha nywele, nikapiga magoti nyuma ya shangazi. Nikampaka. Halafu nikamgeukia Mukuna, nikampaka na yeye. Sijawahi kumpaka mtu mafuta kwa hasira namna ile. Kichwa chake kilikuwa cha moto chini ya viganja vyangu, kidogo kuliko nilivyodhani.

"Unaniumiza," akanong'ona.

"Ota nywele, basi."

Baba alirudi na koti, sahani ya samaki aliyepoa mikononi. Alisimama mbele ya msalaba mwekundu. Shangazi akaenda kando yake na wembe wake, hakuna aliyethubutu kumwambia auweke chini. Mukuna alirudi nyuma, safari hii akitazama anapokanyaga. Aliinua simu, akaishusha.

"Fidélie," akasema mbele yao wote. "Naomba ruhusa. Nikuweke mu picha?"

Hakuwahi kuniuliza kabla ya siku ile. Nilifuta mafuta kwenye kitenge, nikapita kati ya baba na shangazi, nikawasukuma kila mmoja upande wake.

"Niweke katikati," nikasema. "Pale haikati."

Picha ile ilifika Kasaji kabla yetu. Watu waliiona bila kufungua kitu, bila mega. Baba pembeni na nusu ya sahani yake, shangazi pembeni na kipara chake. Na mimi katikati, nimenuna, viwiko vyangu vyote viwili vimo.